Waliokwisha Kuvunjika Guu: Riwaya na Faraja ya Anayejuta



 Naamini kila mwenye umri wa kutosha humu ndani analo jambo analolijutia ambalo, likimjia usiku, usingizi huondoka: shule aliyoiacha, mchumba aliyemkataa, safari aliyoikubali, mzazi aliyezikwa yeye akiwa mbali. Nimekuja kutetea dai moja tu. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata faraja ya kweli katika riwaya, na hasa katika riwaya ambayo haimdanganyi kwamba hakukosea.

Tuanze na hazina ya nyumbani. Kiswahili kina methali nyingi juu ya majuto. Majuto ni mjukuu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mchuma janga hula na wa kwao. Sasa tazameni zinasemwa na nani, na zinamwambia nani. Nyingi ni sauti ya mkubwa akimwonya kijana ambaye bado ana miguu yote miwili. Ni maonyo mema, na sote tumelelewa nayo. Lakini yule ambaye guu limeshavunjika akizisikia anapata nini? Anasikia tu kwamba aliambiwa. Ipo moja inayomgeukia kwa huruma: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii naiheshimu, kwa kuwa imesuluhisha ndoa nyingi na imemaliza magomvi mengi ya mipaka ya mashamba. Ila nayo ina haraka. Inamtaka mtu anyamaze kabla hajasema lililomsibu hadi mwisho.

Riwaya haina haraka hiyo. Ina kurasa mia mbili, mia tatu, na katika kurasa zote hizo inaweza kuketi na mtu mmoja aliyekosea, ikamwacha aeleze, ajitetee, ajipinge, arudi nyuma, aseme upya. Jamaa zako hawawezi kukufanyia hivyo. Si kwamba hawakupendi. Wana kazi za kufanya, na zaidi ya hapo wengi wao wamo ndani ya jambo lenyewe.

Riwaya niliyoichagua haihusu Afrika Mashariki hata kidogo. Ni The Remains of the Day ya Kazuo Ishiguro. Ishiguro alizaliwa Nagasaki, Japani, mwaka 1954, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1960 akiwa mtoto wa miaka mitano. Kitabu hiki, ambacho ni riwaya yake ya tatu, kilitoka mwaka 1989 na mwaka huohuo kikapata tuzo ya Booker. Yeye mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017. Jambo linalonishangaza kila ninapolikumbuka ni kwamba rasimu ya kwanza aliiandika katika kiangazi cha 1987, kwa wiki nne za kujifungia ndani, akiwa na umri wa miaka 32. Kijana wa umri huo alikaa akaandika majuto ya mzee, na wazee wakayatambua kuwa ni yao.

Msimulizi anaitwa Stevens. Ni mtumishi mkuu katika jumba la kifahari huko Uingereza liitwalo Darlington Hall. Maisha yake yote ameyatoa kwa Lord Darlington, na huyo alipofariki, jumba likanunuliwa na Mmarekani, Bwana Farraday, na Stevens akabaki ndani kama mojawapo ya vitu vilivyouzwa pamoja na nyumba. Mwezi ni Julai 1956, mwezi uleule ambao Gamal Abdel Nasser alitaifisha Mfereji wa Suez na ukubwa wa Waingereza duniani ukaanza kuonekana wazi kuwa ni wa jana. Riwaya haiutaji Mfereji huo. Inamfuata tu mzee mmoja ambaye kwa mara ya kwanza amepewa ruhusa ya kupumzika. Bwana mpya anamwazima gari, naye anaelekea magharibi, Cornwall, kumtafuta Bi Kenton, mwanamke aliyekuwa msimamizi wa watumishi wa kike katika jumba lile na ambaye aliondoka mwaka 1936 kwenda kuolewa. Anasema anakwenda kwa sababu za kazi: jumba lina upungufu wa watumishi, na barua ya Bi Kenton inaonyesha, kwa anavyoisoma yeye, kwamba angependa kurudi. Njiani anaisoma tena barua ile, na tena, na kila akiisoma, yale aliyodhani yamo yanazidi kupungua.

Hiyo ndiyo hadithi. Siku sita za safari, na katika siku hizo anakumbuka miaka zaidi ya thelathini.

Nitazungumza zaidi juu ya kifo cha baba yake, maana hapo ndipo wasomaji wengi hushikwa. Ni mwaka 1923. Lord Darlington amekusanya wakubwa wa nchi kadhaa nyumbani kwake kuzungumza juu ya masharti waliyowekewa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake Stevens, naye mtumishi wa maisha, ni mzee aliyepita miaka sabini na sasa anafanya kazi chini ya mwanawe. Anaanguka mgonjwa mkutano ukiwa unaendelea. Stevens anapanda chumbani, na yule mzee, ambaye hakuwa mtu wa maneno, anajaribu kumwambia mwanawe yale ambayo baba huyasema akijua muda umekwisha. Mwana anajibu kwamba amefurahi kumwona anaendelea vizuri. Kisha anashuka kuhudumia wageni. Mzee anafariki juu, mwanawe yuko chini na chupa za mvinyo, na Bi Kenton ndiye anayemfumba marehemu macho. Stevens hatuambii popote kwamba alilia. Tunajua kwa sababu bwana wake anamuuliza kama hajambo, maana anaonekana kama mtu anayelia, naye anasingizia uchovu wa kazi za siku ile. Na baada ya miaka zaidi ya thelathini bado anautaja usiku ule kuwa usiku wa ushindi katika kazi yake.

Najua humu ndani wapo waliozikiwa wazazi wakiwa kazini. Wengine walikuwa Muscat au Dubai, katika nyumba za watu, na ruhusa haikutoka. Wengine walikuwa Ulaya wakisubiri karatasi, na kama wangetoka wasingerudi. Wengine walikuwa hapahapa nchini, mkoa wa pili, wakidhani kuna wiki moja zaidi. Waliporudi walikuta matanga yameanuliwa na watu wameshatawanyika. Jamaa huwaambia kwamba ni mipango ya Mungu, na ni kweli, na hawakosi kushukuru. Lakini wanabaki na swali ambalo hakuna anayeruhusu liulizwe kwa sauti: nilikuwa nafanya nini saa ile, na kilikuwa na thamani gani? Stevens anaulizwa swali hilo kwa niaba yao. Anajibu vibaya, kwa majivuno ya kazi, na msomaji anayesikia majivuno yale anajua kilichofichwa chini yake kwa kuwa naye amewahi kukificha.

Kwa Bi Kenton, kosa si moja. Ni mlolongo wa mambo madogo, na kila moja lilionekana halina uzito siku lilipotokea. Bi Kenton anafiwa na shangazi aliyemlea. Kwetu neno la kwanza ni pole, hata mtoto mdogo analijua. Stevens anafika hadi mlangoni kwake, anahisi kwamba ndani mtu analia, anaondoka bila kubisha. Baadaye siku hiyohiyo anakutana naye, na badala ya kumpa pole anamweleza kasoro za watumishi wapya. Walikuwa na desturi ya kukutana jioni, wakinywa kakao na kupanga kazi za nyumba. Siku moja Bi Kenton anaonekana amechoka, na Stevens anaifuta desturi hiyo moja kwa moja. Usiku ambao Bi Kenton amekubali kuposwa na mwanamume mwingine, Stevens anasimama tena nje ya mlango wake akiwa na hakika kwamba analia, na tena anakwenda zake, kwa sababu juu kuna wageni wa bwana.

Lipo tukio jingine ambalo nalipenda kuliko yote. Stevens amejipumzisha katika chumba chake cha kazi akisoma kitabu. Bi Kenton anaingia, anataka kujua ni kitabu gani, naye anakikumbatia kifuani asikionyeshe. Bi Kenton anamsogelea, anavifungua vidole vyake kimoja kimoja, na kukitoa. Ni hadithi nyepesi ya mapenzi. Stevens anajieleza kwamba husoma vitabu vya aina hiyo ili kukuza lugha yake. Mtu huyu asiyeweza kumwambia mwanamke neno moja la moyoni alikuwa anakwenda kuyasikia maneno hayo kitabuni, kwa siri. Ishiguro hakuliweka tukio hilo bure. Alijua watu hukimbilia riwaya kutafuta nini.

Yapo pia makosa yaliyowaumiza wengine, na hapo lazima tuwe wakali. Lord Darlington, kwa nia aliyoiona njema, aligeuzwa chombo cha Wanazi ndani ya Uingereza. Kwa kipindi fulani aliamuru wafanyakazi wawili wa kike, Wayahudi, wafukuzwe kwa sababu tu ya Uyahudi wao. Bi Kenton alipinga, akatishia kuacha kazi, kisha hakuacha, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Stevens aliwafukuza. Baadaye bwana mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa kosa, lakini wasichana walikuwa wameshapotea duniani. Riwaya haimsamehi Stevens kwa jambo hili, nami sitaki tumsamehe. Nalitaja kwa sababu vitabu vingi vya kufariji huzungumza juu ya majuto kana kwamba daima ni habari ya nafasi nilizozikosa mimi. Majuto mazito zaidi huwa na jina la mtu mwingine ndani yake.

Basi anafika Cornwall. Anakutana na Bi Kenton hotelini, wanazungumza, na inaonekana wazi kwamba mwanamke huyo hakufikiria kurudi kazini. Ana mume anayekaribia kustaafu. Ana binti, na binti huyo ni mjamzito. Bi Kenton anasubiri mjukuu. Wakiwa kituoni wakingojea basi, mvua ikinyesha, Stevens anamuuliza kama mumewe anamtendea ubaya. Hapana, si hivyo. Ila kuna siku, anasema, huwaza maisha mengine ambayo angeishi, maisha pamoja na wewe, Bwana Stevens. Basi linakuja, anapanda.

Katika mpangilio wa kitabu, siku ya nne ina sura yake na siku ya sita ina sura yake. Siku ya tano haina sura. Hakuna hata ukurasa mmoja. Mtu ambaye ametueleza namna ya kung'arisha vyombo vya fedha kwa aya nzima hana neno juu ya siku iliyofuata mkutano ule. Kila aliyewahi kupata msiba wa moyo anaijua siku ya tano yake.

Ishiguro alieleza katika mhadhara wake wa Nobel, Desemba 2017, kwamba alidhani amekwisha kukimaliza kitabu akiwa amemwacha Stevens amejifunga hadi mwisho. Kisha usiku mmoja akamsikiliza Tom Waits akiimba Ruby's Arms, wimbo wa askari anayemwacha mpenzi wake usingizini, na sauti ile ngumu ya mwanamume aliyezoea kuficha ikakatika kwa huzuni. Hapo akaamua kwamba Stevens naye avunjike mara moja, kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana kituoni pale anatukiri kwamba moyo wake ulikuwa unapasuka. Sentensi moja tu katika kitabu kizima.

Jioni ya siku ya sita yuko Weymouth, ufukweni, kwenye gati ambako watu hukusanyika kungoja taa ziwashwe. Anaketi karibu na mtu asiyemjua, ambaye naye aliwahi kuwa mtumishi wa nyumba. Kwa mtu huyo anatoa lile ambalo hakuweza kumpa mwingine yeyote. Bwana wangu, anasema kwa maana hiyo, alikosea, lakini angalau njia aliichagua mwenyewe. Mimi nilimwamini tu. Siwezi hata kudai kwamba makosa ni yangu. Machozi yanamtoka, na yule mgeni anampa kitambaa na kumwambia kwamba kwa watu wengi jioni ndiyo sehemu nzuri ya siku.

Sasa nirudi kwenye dai langu. Faraja iko wapi katika hadithi hii? Hakupata mke. Baba hakufufuka. Wasichana wale hawakurudishwa. Mimi naiona mahali pamoja. Katika kitabu chote sisi tunajua kabla yake. Tunaona anampenda Bi Kenton kurasa nyingi kabla hajathubutu kuliwaza hilo. Tunaona baba anaaga, naye haoni. Tungependa kupiga kelele kumwambia abishe ule mlango. Na mahali fulani katikati ya kelele hizo hasira yetu inageuka huruma, kwa sababu tumeona amelelewa na nani, anaogopa nini, amefundishwa kwamba heshima ya mtu ni nini. Tunamhurumia bila kusema kwamba alikuwa sahihi. Mtu akishaweza kufanya hivyo kwa Stevens, amejifunza kuyaweka pamoja mambo mawili ambayo majuto huyatenganisha: kweli na huruma. Anapokifunga kitabu, kesi inayofuata mezani ni yake mwenyewe, na hakimu aliyeketi si yule wa jana.

Wapo wanaopendelea njia nyingine. Mwaka 2020 Matt Haig, Mwingereza, alitoa The Midnight Library, na wasomaji wengi sana duniani wanasema kiliwaokoa. Nora Seed, mwanamke wa miaka 35 aliyejaribu kujitoa uhai, anajikuta kati ya uhai na kifo katika maktaba ambako kila kitabu ni maisha ambayo angeishi kama angechagua vingine. Anayajaribu: anakuwa bingwa wa kuogelea, anakuwa mwanamuziki mashuhuri, anakuwa mtafiti wa barafu kaskazini ya mbali. Kila maisha yana pengo lake, na mwishoni anataka kurudi kwenye yale yake. Haig aliandika akijua uchungu huo. Mwenyewe aliwahi kuukaribia mwisho akiwa na miaka 24, na alilieleza hilo katika kitabu kingine. Kitabu chake nakiheshimu. Mwenye kuelemewa kiasi hicho nampa hicho kwanza, na namsihi sana asibaki peke yake na mawazo hayo; amwambie mtu, amwendee daktari, leo hii.

Lakini faraja ya Nora inategemea kuonyeshwa kwamba njia nyingine zisingekuwa bora kama alivyodhani. Je, kama ingekuwa bora kweli? Kama Bi Kenton angekuwa mke mwema na jioni za kakao zingedumu miaka thelathini? Zipo njia zilizoachwa ambazo zilikuwa njema kabisa. Mwenye majuto ya aina hiyo huhitaji kitabu kisichompunguzia hasara yake. Kwa hilo nampa Ishiguro nafasi ya juu.

Nami ningeongeza kitabu cha mtu wa kwetu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Yusuf anatolewa na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili kwa mfanyabiashara Aziz, kwa sababu ya deni. Hakuna aliyemuuliza. Anakua katika nyumba ya mtu, anasafiri bara na misafara ya mtu, anampenda mwanamke ambaye ni mke wa mtu. Mwishoni anakimbia kuwafuata askari wa Wajerumani, na Gurnah anamwacha hapo. Wasomaji hugombana: alichagua vibaya? Mimi huuliza kwanza alikuwa na milango mingapi. Wengi wetu tunajihukumu kana kwamba siku ile ilikuwa na njia kumi mbele yetu, hali tulikuwa na mbili, zote nyembamba, na hatujafika miaka ishirini. Kuhesabu milango kwa uaminifu ni sehemu ya kuyapima majuto, mradi mtu asiitumie hesabu hiyo kukana mlango aliouona wazi akaupita. Stevens alikuwa na mlango wazi. Ulikuwa wa Bi Kenton, na alisimama mbele yake mara mbili.

Najua lawama dhidi ya mwisho wa Ishiguro. Baada ya machozi ya Weymouth, Stevens anaamua kwamba akirudi atajizoeza kufanya mizaha ili kumfurahisha bwana wake mpya. Wasomaji wengine hukasirika: mtumwa amerudi utumwani. Kwangu ni hatua ndogo, na mbele yake ni bwana mwingine tena, lakini mizaha ni namna ya kumsogelea mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa umri wake na malezi yake, hatua hiyo naihesabu. Wanaotaka aanze maisha mapya kabisa wanamtaka mtu ambaye kitabu hakikumwandika.

Neno la mwisho linatuhusu sote tunaofundisha na kusoma fasihi. Katika nchi zetu riwaya husomwa kwa mtihani. Kijana wa miaka kumi na saba hupewa kitabu teule, huorodhesha dhamira na wahusika, hujibu maswali, kisha kitabu huwekwa chini na wengi hawakirudii kamwe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 iliwatisha wakubwa kiasi kwamba ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Walioisoma ujanani waliisoma kwa macho ya Rosa. Leo wana mabinti. Waisome tena kwa macho ya Zakaria, baba mkali aliyedhani fimbo ni ulinzi, na waone kama kitabu ni kilekile.

Kwa hiyo nawaomba. Walimu, msiwaachie watahini peke yao vitabu hivi. Wakutubi, viwekeni mahali ambapo mtu mzima anaweza kuvichukua bila kuulizwa ni vya mwanawe wa kidato gani. Na wewe mwenye miaka arobaini, hamsini, sabini, unayedhani hadithi ni za watoto na wanafunzi, azima riwaya moja wiki hii, uisome polepole hadi mwisho. Ukimaliza, mtafute mtu mmoja ambaye hukumpa pole wakati wake. Kama yu hai, nenda ukabishe.